Lori kuukuu halikuzaliwa na ulafi

Mhariri, salamu.

Nimeisoma ile barua ya msomaji mwenzetu aliyesema malori ya zamani yote yakatwekatwe yauzwe chuma chakavu maana kazi yao ni kubugia dizeli tu, na akamalizia kwa kusema kama lori halinywi basi anakunywa dereva. Kwanza nilicheka, alafu nikakasirika, ndo maana naandika. Mi ni fundi wa injini za dizeli na kabla ya hapo nilishika usukani wa trela kwa miaka, kwahiyo juu ya gari nimekaa na chini ya gari nimelala, na ninachotaka kusema ni kimoja tu: ulafi mwingi wa hizi injini za zamani sio uzee, ni mikono yetu. Tumezichokonoa, tumetoa hiki, tumeziba kile, miaka inapita, mwisho tunasema gari limechoka.

Nitumie gari moja ili nieleweke. Kuna jamaa aliniletea kichwa cha trela, injini silinda sita yenye tabo (kile kifeni kinachoisukumia injini hewa), pampu ya mafuta ya kizamani ya vyuma vitupu, hakuna kompyuta wala sensa. Shida yake, lita moja inaenda kilomita 1.7 trela likiwa na mzigo, wakati huko nyuma njia hiyohiyo na mzigo huohuo lilikuwa linampa 2.3. Na dereva alishamfukuza. Hakumuuliza kitu, alichukua kilomita akagawa kwa lita, akaona pengo, akasema mafuta yananyonywa njiani, kwaheri.

Boneti sikuigusa kwanza. Nilizunguka gari nikakuta matairi yaliyofungwa ni saizi moja juu ya yale gari lilikuja nayo. Nikamuuliza haya umefunga lini, akataja tarehe ambayo ni wiki mbili tu kabla hajaanza kuona "wizi". Sasa hapo ndo hesabu ilipoanza kuharibika, maana saa ya kilomita inahesabu mizunguko ya gurudumu, barabara haiijui. Ukifunga tairi kubwa kwa asilimia 3 gari linatembea kilomita 103 saa inaandika 100. Hizo 3 zilipotea kwenye karatasi, hakuna aliyezinywa, ila dereva alihesabiwa. Na ngoja niseme hili kabla sijasahau, dizeli inavimba kwa joto na kusinyaa kwa baridi, kama asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja, kwahiyo ukijaza tenki la lita 400 mchana wa jua kali alafu ukaenda kupima na kijiti alfajiri kukiwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya hapo, utakuta lita 6 hivi hazipo na dereva wako alikuwa amelala juu ya hilo tenki usiku kucha. Wangapi wamefukuzwa kwa hizo lita 6 mi sijui.

Tukaliingiza barabarani kilomita kama 15, nikaliachia lisimame lenyewe bila breki, nikashuka nikawa napitisha mkono karibu na kila habu, pale katikati ya gurudumu. Karibu, sio juu yake, nishaungua mara moja inatosha. Zote vuguvugu isipokuwa moja ya nyuma kushoto, hiyo joto lake unalisikia kabla hujafika na harufu ya lainingi za breki ipo. Breki inashika, slaki ajasta, kile kinachorekebisha nafasi ya breki, imekula kutu haitaki kurudi. Yaani injini inavuta tani zote zile na papo hapo inasaga breki, dereva yeyote hapo atakanyaga zaidi, afanyeje? Upepo wa matairi nao ulikuwa hovyo. Hapo sitakaa sana, kanuni ya kuzungukia ni kwamba upepo ukipungua asilimia 10 mafuta yanaongezeka karibu asilimia 1, na tairi la ndani kwenye pea ndo huwa linasahaulika maana kufikisha geji huko mpaka ujipinde.

Ndo tukafungua boneti. Ule mpira mkubwa unaotoka kwenye tabo kwenda intakula, kile kipoza hewa, ulikuwa na ufa kwa chini, upande usioonekana, urefu kama kidole. Ukiwasha gari limesimama husikii kitu, tabo bado haijajaza, ufa unafunguka pale tu gari linapanda mlima na mzigo, na huko mlimani fundi hayupo. Mafundi watatu walishapita hapo. Mi nilichofanya nikatengeneza kizibo cha mdomo wa tabo, nikaingiza upepo wa kompresa taratibu nisizidishe baa 1, kijana wangu akawa anapaka maji ya sabuni na brashi ya rangi huku kalala chini, mara povu likaanza kufura chini ya klampu mpaka likamdondokea usoni. Basi, tumempata mwizi wa pili.

Watu wanadhani upepo sio ishu kubwa kwa sababu upepo haununuliwi. Lita moja ya dizeli ili iungue yote inahitaji hewa zaidi ya lita 10,000, na injini ya dizeli inataka na ya ziada juu ya hapo ndo iungue kisafi. Ukiiba hewa, iwe kwa mpira uliopasuka au filta iliyojaa vumbi, mafuta yanayoingia hayapati mwenzake, yanatoka nje kwa njia ya bomba yakiwa masizi. Na filta tafadhali msipulize kwa kompresa ile ya nguvu, karatasi inatoboka vitundu ambavyo jicho halioni, vumbi linaingia linasaga ringi za pistoni, hapo umeokoa hela ya filta umenunua ovahoo, yaani kufungua injini nzima.

Sasa tuje kwenye pampu, hapa ndo moyo wangu uliuma. Pampu ikitoka benchi la kupimia kwa fundi pampu anayejua kazi, skrubu ya kiwango cha juu cha mafuta inafungwa waya mwembamba wenye lakiri ya risasi, maana yake hapa pasiguswe. Waya ule ulikuwa umekatwa na skrubu ina alama mbichi za spana. Nikamuuliza mwenye gari, nani kafungua hapa? Akasema kwa kujiamini kabisa, "Fundi, gari lilikuwa limekosa nguvu mlimani, tukaongeza kidogo."

Tukaongeza kidogo! Hebu fuateni hiyo njia mjionee. Breki inashika na mpira umepasuka, gari likakosa nguvu. Badala ya kutafuta nguvu imeenda wapi, mtu akazungusha skrubu mafuta yaingie zaidi, na kile kidude cha pampu kinachosoma upepo wa tabo ili kisimwage mafuta hewa ikiwa haitoshi, nacho wakakibana kisifanye kazi. Gari likaanza kutoa moshi mweusi tii, dereva akafurahi maana linavuta kidogo. Ila mafuta mengi ndani ya hewa kidogo ni moto mkali kwenye ekzosi, gari likaanza kuchemka mlimani. Likichemka wanafanyaje? Wakang'oa thamostati, ile vali inayotunza joto la maji ya injini, wakatupa. Bado haikutosha, wakaibana klachi ya feni, ile inayoiachia feni ipumzike injini ikiwa haijachemka, kwa bolti ili feni izunguke muda wote. Kosa moja la mpira na slaki ajasta likazaa makosa manne, na kila moja linakunywa dizeli kivyake, alafu mwisho wa mnyororo wote akafukuzwa mtu wa mwisho aliyeshika usukani.

Thamostati niiongelee vizuri maana hii tabia imeenea sana na mafundi wenzangu mtanichukia. Injini hizi zimetengenezwa zifanye kazi maji yakiwa kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukitoa thamostati, kwenye tambarare au mteremko maji yanashuka mpaka 50 au 60, vyuma vinakuwa vya baridi, ile mvuke ya mafuta inagonga ukuta wa silinda ikiwa haijaungua, inaosha oili, ringi zinalika, na sehemu ya mafuta inashukia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwahiyo unachoma zaidi leo na unajitengenezea uzee wa kesho. Na kibaya zaidi, kwenye injini nyingi ile thamostati ikifunguka ndo inaziba kile kinjia kidogo cha maji kuzungukia bila kupita kwenye rejeta, ukiitoa kinjia kinabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa. Yaani umeitoa ili lisichemke na ndo umelisaidia kuchemka. Feni nayo, nguvu inayokula inapanda kwa kasi ya ajabu, mzunguko ukizidi mara mbili feni inakula mara nane, na feni ya lori ikizunguka kamili inaweza kula nguvu za farasi makumi. Hao farasi wanalishwa dizeli wakati muda mwingi wa safari upepo wa barabarani peke yake ungetosha kupoza.

Msomaji wa ile barua alisema teknolojia ya zamani ndo tatizo. Sio kweli kwa kiasi anachofikiri. Injini ya kwanza ya Rudolf Diesel kufanya kazi sawasawa, ya mwaka 1897, iligeuza kama asilimia 26 ya nguvu iliyomo kwenye mafuta kuwa kazi. Injini za malori za miaka ya 80 na 90 zenye tabo, zikiwa nzima na kwenye mzunguko wake mzuri, zinafika 40 hivi. Za leo zenye kompyuta na presha kubwa zinapita 45 kidogo. Pengo lipo, sikatai, lakini ni dogo kuliko lile nililolikuta kwenye gari la huyu jamaa, na pengo lake lilitoka kwenye mpira, slaki, skrubu na vitu walivyong'oa.

Uzee wa kweli upo, na una dalili zake. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, ukiona inapumua moshi kwa nguvu kama bomba, ringi zimekwisha, hapo hata ufanye nini mgandamizo hautoshi na mafuta hayaungui vizuri mpaka ufungue injini. Moshi wa bluu ni oili. Mweupe asubuhi unaokata baada ya muda sio kesi, ila ukiendelea kutwa nzima na unachoma macho, angalia taimingi ya pampu (wakati wa kuingiza mafuta) imechelewa au nozeli, zile ncha za kupulizia mafuta, zinachuruza. Nozeli ndo kitu cha kwanza ningesema mtu apeleke benchi kabla ya kulaumu kitu kingine ndani ya injini, kwa sababu kuitoa ni kazi ya asubuhi moja. Nzima inatoa ukungu mwembamba na kasauti ka kukoroma, mbovu inatoa mkojo, samahani kwa lugha lakini ndo inavyoonekana, kamstari kamoja alafu tone linabaki kwenye ncha. Springi ya ndani inalegea kwa miaka, presha ya kufungua inashuka chini ya ile iliyoandikwa na kiwanda, fundi anaweka shimu, kipande chembamba cha chuma, inarudi. Tapeti pia, yaani nafasi za vali, kila mtu anasema ataziseti kesho. Na ukikuta oili kwenye sampu inaongezeka badala ya kupungua usishangilie, hiyo ni dizeli imevujia humo, pengine dayaframu ya pampu ndogo ya kuvuta mafuta imetoboka, simamisha gari.

Upande wa madereva wenzangu nao siwasafishi. Kuna hii ya kutia fri, yaani kutoa gia, kwenye mteremko mkisema mnaokoa mafuta. Jamani! Gari likiwa kwenye gia linashuka na umetoa mguu, gavana, kidhibiti mafuta cha pampu, inafunga mafuta kabisa, sifuri, magurudumu ndo yanazungusha injini. Ukitia fri injini inabidi ijilishe yenyewe isizime, kwahiyo unachoma mafuta zaidi NA umepoteza breki ya injini na tani 40 ziko nyuma yako. Kwa hiyo hata hiko kidogo unachodhani unapata hakipo, unachopata ni breki za moto tu chini ya mteremko. Mzunguko wa injini nao, hizi silinda sita kubwa nyingi zinavuta vizuri kati ya mizunguko 1,200 na 1,600 kwa dakika, hakuna sababu ya kulia nalo mpaka 2,200 ndo ubadilishe gia, unapiga kelele tu. Mwendo ndo usiseme, ukitoka 80 kwenda 100 upinzani wa upepo unaongezeka kwa asilimia 56, na kichwa cha zamani kipana kama ukuta hakina msaada wowote hapo, ukiongeza turubai linalopepea basi umefungua parashuti. Na kuacha gari linanguruma mmepaki mnapiga stori, lori kubwa linachoma kama lita 3 kwa saa bila kusogea hata hatua, masaa 8 ya usiku ni lita 24, dereva huyo simtetei.

Alafu kuna hawa wa dawa. Kila wiki kuna mtu ananiletea chupa ya kumwaga kwenye tenki, sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, kibomba cha kuzungusha upepo, kimashine cha kutengeneza gesi kutoka kwenye maji, vyote vinaahidi kuokoa robo ya mafuta. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hii vya magari kwa miaka mingi na karibu vyote havikufanya lolote la maana, vichache vilivyosaidia vilisaidia kidogo sana. Mimi na benchi yangu ndogo sina cha kuongeza hapo. Ila najua kwanini watu wanaapa kwamba zinafanya kazi: mtu akishanunua dawa anaanza kuendesha kwa adabu ili aone kama imefanya kazi, na wakati wa kuifunga fundi alibadilisha na filta. Dawa ikachukua sifa za mguu wa dereva. Wale wanaochanganya mafuta ya taa nao, mafuta ya taa hayana ulainishi wa kutosha kwa pampu ya aina hii, zile planja, vyuma vinavyosukuma mafuta ndani ya pampu, zinalainishwa na dizeli yenyewe, unazikausha zinakwaruzika, na pampu ikishakwaruzika kurudisha kiwango chake ni gharama ambayo ungejazia matenki mangapi sijui.

Kwahiyo lile gari tulifanya hivi. Slaki ajasta mpya, mpira mpya, upepo wa matairi, thamostati ikarudi, klachi ya feni ikafunguliwa bolti ikabadilishwa, pampu ikaenda benchi ikarudi na waya wake na lakiri. Hesabu ya kilomita tukaisahihisha kwa saizi ya tairi. Mwenye gari alilalamika siku ya kwanza kwamba moshi umeisha na "mlio wa nguvu" haupo, nikamwambia panda nalo mlima uleule uje tuongee. Alirudi kimya. Tukapima kwa safari nne, sio moja, safari moja haisemi ukweli, upepo wa mbele tu unaweza kukudanganya, tukawa tunajaza mpaka shingoni kituo kilekile na gari limesimama pale pale kwenye usawa. Wastani ukaja 2.2. Hiyo 0.1 iliyobaki nadhani ni nozeli, alisema ataleta mwezi ujao, namjua hataleta.

Swali likabaki la dereva. Bosi akaniomba mi nimpigie simu nimwambie arudi, yeye ana aibu. Nikampigia. Akanisikiliza mpaka mwisho, mambo ya mpira, skrubu, tairi, yote, akasema, "Fundi, mi nilimwambia kuhusu ile habu tangu mwanzo, akaniambia niendeshe nisijifanye fundi." Alafu akasema atarudi, ila bosi aje amwombe radhi mbele ya taniboi, msaidizi wake wa garini, kwa sababu siku ile alimwita mwizi taniboi akiwa amesimama pale pale. Nimefikisha ujumbe. Mpaka naandika barua hii bosi anasema bado anafikiria, na gari limepaki.

Ni mimi msomaji wenu, fundi dizeli.